Dawa ya panya isiyo sumu: ivermektini, selamektini au moksidektini?

Ingia duka lolote la dawa za mifugo Arusha au Nakuru, uombe "dawa ya panya". Hutaulizwa panya wa aina gani wala ana uzito gani. Utapewa sumu, na maelekezo ya kuiweka nyuma ya kabati. Lugha yetu haikuwahi kuhitaji jina la dawa ya kumponya panya, maana nani alikuwa anamponya? Nilikumbuka hilo likizo moja, nilipomwambia muuzaji kwamba nimeacha panya watatu Leicester, wanawashwa, na nilitaka tu kulinganisha bei ya ivermektini. Alinitazama, akaitazama chupa, akasema: "Dada, huko mnaishi."

Tunaowafuga tupo, hasa sisi tuliohamia Uingereza, Marekani au Kanada na watoto wanaotaka mnyama ilhali mwenye nyumba hataki mbwa. Na karibu kila mfugaji hukutana na tatizo hili: panya anajikuna mabega na shingo mpaka anatoka magamba, halafu unapewa majina matatu. Mmoja anakuambia ivermektini, mwingine selamektini, wa tatu anaapa kwa yale matone ya paka yenye moksidektini. Kila mmoja ana hadithi ya panya aliyepona kwa dawa yake na panya aliyekufa kwa dawa ya mwenzake.

Hizi tatu ni ndugu wa ukoo mmoja. Zote hupooza mishipa ya fahamu ya mdudu, na zote zikizidi mno huweza kupenya hadi kwenye ubongo wa mnyama mwenyewe. Kwa hiyo sitauliza ipi ni salama na ipi ni hatari. Nitazipima kwa mambo matano yale yale: inaua nini, ni rahisi kiasi gani kukosea kipimo, maudhi yake madogo, hatari yake kubwa, na inapatikanaje. Jambo la pili nitalikalia zaidi kuliko mengine, maana kwa panya madhara mengi huanzia kwenye bomba la sindano kabla ya kufika kwenye dawa yenyewe.

Jambo moja kwanza. Panya hawezi kutapika. Maumbile yake hayamruhusu. Mbwa aliyelamba dawa nyingi anaweza kutapishwa, panya hawezi. Kilichoingia kimeingia.

Inaua nini

Wadudu wanaowasumbua panya wa kufugwa si wengi. Kuna utitiri wa manyoya, *Radfordia ensifera*, usioonekana kwa macho, ndio unaoleta magamba ya mabegani. Kuna utitiri unaochimba ngozi, *Notoedres muris*, unaoacha vinundu vigumu kwenye kingo za masikio, puani na mkiani. Kuna chawa, *Polyplax spinulosa*, anayeonekana ukifunua manyoya kwenye mwanga. Huyu hufyonza damu, na panya mdogo mwenye chawa wengi huishiwa damu.

Ivermektini huua wote watatu. Selamektini nayo ni hivyo hivyo, pamoja na viroboto. Dawa ya tatu kwa kawaida huuzwa ikiwa mchanganyiko: moksidektini kwa ajili ya utitiri, na imidaklopridi kwa ajili ya chawa na viroboto. Imidaklopridi hufanya kazi upesi, na kwa panya mwenye chawa tele kasi hiyo ina maana.

Hakuna hata moja ya kutegemewa kuua mayai ya utitiri na chawa. Ndiyo maana dozi hurudiwa, na anayeacha baada ya dozi ya kwanza kwa kuwa panya ameacha kujikuna hujikuta ameanza upya mwezi unaofuata.

Yupo mdudu wa nne anayewapotosha watu: utitiri wa panya wa nchi za joto, *Ornithonyssus bacoti*. Huyu haishi juu ya panya. Hujificha kwenye matandiko, nyufa na mbao, hutoka kufyonza damu, kisha hurudi mafichoni. Huuma watu pia. Ukiona wewe na panya mnajikuna wote, dawa pekee haitatosha, vyovyote utakavyochagua. Banda ndilo lenye ugonjwa.

Nafasi ya kukosea kipimo

Hapa ndipo penye uzito. Tumchukue panya mzima wa gramu 400. Vipimo vilivyo hapa chini ni vya kuonyesha ukubwa tu: cha ivermektini ndicho cha chini kinachotumika kwa wanyama wadogo, na vile viwili vingine ni vya chini kabisa vya paka. Daktari anaweza kupanda juu yake kwa sababu zake.

| Dawa | Nguvu yake | Kipimo | Ujazo kwa gramu 400 |
|---|---|---|---|
| Ivermektini 1% ya mifugo | 10 mg kwa ml | 0.2 mg kwa kilo | 0.008 ml |
| Selamektini 6% | 60 mg kwa ml | 6 mg kwa kilo | 0.04 ml |
| Moksidektini 1% na imidaklopridi 10%, ya paka | 10 mg za moksidektini kwa ml | 1 mg ya moksidektini kwa kilo | 0.04 ml |

Tazama mstari wa kwanza. Bomba la sindano la mililita 1, hata lile lenye mistari midogo kabisa, lina mistari ya 0.01 ml. Dozi ya panya haifiki hata mstari mmoja! Tone la kawaida lina kama 0.05 ml, ukimdondoshea panya huyu tone moja la dawa ya ng'ombe umempa zaidi ya mara sita ya kipimo. Mtoto wa gramu 100 akipata tone hilo hilo, ni mara 25.

Wajanja husema basi ichanganye na maji. Ivermektini haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo tone la juu linaweza kuwa karibu maji matupu na la chini likawa dawa tupu. Madaktari hutumia propilini glaikoli, na dawa ikishapunguzwa mara kumi, ile 0.008 inakuwa 0.08 ml, ujazo ambao jicho linauona. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ivermektini inayotisha na ivermektini ya kawaida, ingawa chupa ni ile ile.

Nikiri kosa langu. Miaka michache nyuma, mwenzangu mmoja alinishauri dawa ya kupaka ya farasi, ile ya 1.87%, "kama punje ya mchele". Punje ya mchele upi? Wa Mbeya au basmati? Sikuuliza. Tukisema punje ya dawa ina miligramu 25, ndani yake mna karibu miligramu 0.47 za ivermektini. Panya mkubwa wa gramu 400 angepata mara sita ya kipimo na labda asingeonyesha chochote, na ndiyo sababu ushauri huu unaendelea kusambaa. Wangu alikuwa mtoto wa gramu 120. Alipata kama mara ishirini. Kufika jioni alikuwa anapepesuka kama mlevi, miguu ya nyuma ikimponyoka. Alipona, baada ya usiku mzima wa joto na maji kwa daktari, lakini toka siku ile sijapima dawa kwa mfano wa nafaka.

Kwenye selamektini na mchanganyiko wa moksidektini, tone moja dogo ndilo dozi, au karibu yake. Ukikosea kwa tone moja zaidi umeongeza mara mbili, si mara sita. Hilo ni faraja ya kweli. Hatari yake ni nyingine: kichupa. Kichupa kidogo cha selamektini cha paka na mbwa wachanga kina miligramu 15, na mtu asiyesoma humwaga chote. Kwa panya wa gramu 400 hiyo ni zaidi ya mara sita. Kwa mtoto wa gramu 100 ni mara 25. Hesabu ile ile imerudi kwa mlango mwingine. Kichupa kidogo cha mchanganyiko wa paka kina 0.4 ml, ambayo ni mara kumi. Nacho kina ndugu anayefanana naye, kile cha mbwa, chenye moksidektini 2.5%. Visanduku hukaa rafu moja.

Kwa hiyo nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja kabla hujanunua dawa. Jike mzima huwa na gramu 250 hadi 350, dume anaweza kupita 500. Kumkadiria kwa macho ni kubahatisha.

Maudhi ya kawaida

Ivermektini ya sindano huchoma inapoingia chini ya ngozi; panya atapiga kelele na atakukumbuka. Ikipewa kwa mdomo haina shida hiyo. Zaidi ya hapo, uchovu wa siku moja na kuwashwa zaidi kwa siku chache wadudu wanapokufa.

Selamektini imo ndani ya pombe ya kusugulia, hivyo panya hushtuka kwa ubaridi na harufu, na pengine ngozi huwa nyekundu au nywele hunyonyoka mahali tone lilipoanguka. Huota tena.

Mchanganyiko wa moksidektini una ladha chungu. Panya akiulamba hutokwa mate, hupangusa mdomo, hugoma kula kwa muda. Na watalamba, kwa sababu panya husafishana kwa kulambana. Huwezi kumwambia mwenzake amwache shingo ikauke. Tone liwekwe kisogoni, nyuma kidogo ya masikio, na wakae mbalimbali mpaka likauke, wakiwa bado wanaonana kupitia nyavu. Kumfungia panya peke yake usiku kucha ni adhabu nyingine.

Kwa dawa zote tatu unaweza kuona machozi mekundu machoni au puani. Si damu. Ni rangi inayotoka kwenye tezi ya nyuma ya jicho, na huonekana panya anapokuwa na msongo au anapoumwa. Kidogo na kwa siku moja, acha. Ikiendelea, mpeleke.

Hatari kubwa

Ubongo una ulinzi wake, protini inayosukuma dawa hizi nje kabla hazijaingia. Mbwa wengi wa aina ya collie wana kasoro kwenye protini hiyo, na wapo panya wadogo wa maabara wa ukoo wa CF-1 wenye kasoro kama hiyo; ivermektini huwaua kwa vipimo ambavyo wengine hawavihisi. Panya mzima mwenye afya ana ulinzi mzuri. Mtoto mchanga bado hajaujenga, na ivermektini hupita kwenye maziwa ya mama. Mama anayenyonyesha akipewa dawa, wanawe nao wamepewa.

Dalili za sumu hufanana kwa zote: kulegea, kupepesuka, kutetemeka, mboni kupanuka, mwili kupoa, kisha kuzimia. Saa 24 za mwanzo ndizo za kukesha. Ivermektini haina dawa ya kuiondoa mwilini moja kwa moja. Daktari humshikilia mnyama kwa joto, maji na kumlisha mpaka itoke yenyewe. Moksidektini hupenda mafuta ya mwili na hukaa muda mrefu, kwa hiyo yakitokea madhara usitarajie yaishe kesho. Selamektini, kwa maoni yangu, ndiyo yenye nafasi pana zaidi kati yake na balaa kwa mnyama mzima. Nafasi pana haimaanishi haina mwisho.

Kuna hatari mbili ambazo hazitajwi vya kutosha. Ya kwanza ni ketokonazoli, dawa ya fangasi. Huzuia ile protini inayolinda ubongo, kwa hiyo panya anayetibiwa fangasi na utitiri kwa pamoja yuko kwenye hatari zaidi. Mtajie daktari kila anachokula. Ya pili ni chupa zilizochanganywa. Baadhi ya ivermektini za ng'ombe zina klosuloni au klosanteli kwa ajili ya minyoo ya maini, na klosanteli ikizidi hupofusha. Dawa nyingine za farasi zimeongezewa prazikwanteli, na kuna selamektini mpya ya paka iliyoongezwa sarolana. Soma sanduku mpaka mstari wa mwisho, hata kama miwani iko chumba kingine.

Inapatikanaje

Uingereza ina mpango maalumu wa wanyama wadogo, unaoruhusu dawa fulani za panya, sungura na ndege wa vizimba kuuzwa bila cheti. Matone hafifu ya ivermektini yaliyotengenezwa kwa wanyama wadogo yamo humo, na ni kitu tofauti kabisa na chupa ya ng'ombe. Selamektini na mchanganyiko wa moksidektini huhitaji daktari, Uingereza na Marekani, tena hazijasajiliwa kwa panya. Daktari huziandika kwa kutumia ruhusa ya sheria ya kumpa mnyama dawa ya mnyama mwingine. Marekani ruhusa hiyo ina sheria yake ya mwaka 1994.

Afrika Mashariki mambo yamegeuka. Ivermektini 1% iko kila duka la mifugo na bei yake ni ya chini, wakati selamektini unaitafuta kwenye kliniki za mbwa na paka za miji mikubwa. Anayekuambia nchi zetu hazina ujuzi wa panya, mkumbushe Morogoro: shirika la APOPO, pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020. Ila panya buku ni jamii nyingine na uzito mwingine. Usinakili kipimo chake.

Basi wewe uchague nini

*Panya wawili au watatu wazima, wenye afya, wenye magamba mabegani.* Selamektini kutoka kwa daktari ina usumbufu mdogo kuliko nyingine. Kama uko Uingereza na fedha ni ndogo, matone ya ivermektini ya wanyama wadogo, kwa uzito uliopimwa, ni njia ya heshima.

*Kundi kubwa, kumi au zaidi.* Gharama ya vichupa inapanda, na wote lazima watibiwe siku moja. Ivermektini iliyopunguzwa nguvu na daktari, ikatolewa kwa mdomo, hufanya kazi vizuri. Mwombe aandike juu ya chupa ujazo kwa kila gramu 100, si "kidogo kidogo".

*Chawa wanaonekana na panya amepauka masikio na miguu.* Kasi ya imidaklopridi inafaa hapa, mradi panya ni mzima na unaweza kuwatenganisha ili wasilambane. Ila panya aliyeishiwa damu aonekane na daktari kwanza. Mwili dhaifu hauvumilii kosa.

*Jike mwenye mimba, anayenyonyesha, au watoto chini ya wiki sita.* Hakuna ya kuchagua mwenyewe. Selamektini imeruhusiwa kwa mbwa na paka wenye mimba, ndiyo maana madaktari wengi huielekea, lakini ruhusa ya paka si ruhusa ya panya. Wakati unasubiri, kitana cha meno membamba na kubadilisha matandiko kila siku hupunguza chawa bila kumhatarisha mtu.

*Mzee wa miaka miwili anayekoroma kifua.* Kinachomchosha ni kushikwa na kudungwa. Tone la kisogoni kuliko sindano, na mpime uzito kila asubuhi kwa wiki moja. Akipungua gramu 40 kati ya 400, piga simu.

*Uko Mwanza au Kisumu na daktari aliye karibu hutibu ng'ombe tu.* Mpelekee panya na hesabu ya jedwali lile. Anajua kupunguza nguvu ya dawa. Asichozoea ni udogo wa mgonjwa. Vyuo vya tiba ya mifugo vya Sokoine, Kabete na Makerere ni mahali pa kuuliza akishindwa. Ile dawa ya kuogeshea mifugo yenye amitrazi iache huko huko joshoni.

*Madhara yameshatokea.* Mweke kwenye joto, usimlazimishe kunywa akiwa amelegea maana atapaliwa, chukua sanduku la dawa na uzito wake, uende. Baadaye toa taarifa: Uingereza kurugenzi ya dawa za mifugo (VMD) hupokea hata kutoka kwa mfugaji, Marekani ni mamlaka ya chakula na dawa (FDA), Tanzania ni mamlaka ya dawa na vifaa tiba (TMDA). Taarifa za panya ni chache, na dawa isiyosajiliwa kwake haina njia nyingine ya kujulikana inavyomfanya.

*Dozi tatu zimeisha na bado anajikuna.* Usihamie dawa ya pili juu ya ya kwanza. Omba ngozi ikwanguliwe itazamwe kwa hadubini. Mara nyingi utitiri umekwisha zamani, kilichobaki ni vidonda vyenye bakteria anavyovichimba upya kila usiku, na kinachohitajika ni kupunguza ncha za kucha za miguu ya nyuma.